Bei ya mabondo ikisafiri kwa simu: tathmini ya usiri wa WhatsApp, Telegram, Signal na Messenger

Anayenunua mabondo ya sangara (vifuko vya hewa vya ndani ya samaki huyo) Ukerewe na kuyauza Mwanza mjini hahitaji kuelezwa kwa nini ujumbe uwe siri. Bondo kubwa lina bei yake na dogo lina yake, na bei ya asubuhi akiijua dalali wa pili kabla boti haijafika Kirumba, faida imeshahamia mfuko mwingine. Wakili wa Nyamagana ana siri za wateja, muuguzi wa Bugando ana majibu ya vipimo, na yuko mtu wa Igoma ambaye hataki tu shemeji yake ajue anamdai nani. Wote wanatumia programu zilezile, na wote wameliona lile tangazo dogo juu ya mazungumzo kwamba ujumbe umesimbwa mwisho hadi mwisho na hakuna mtu wa nje awezaye kuusoma.

Je, liaminiwe? Kwa WhatsApp na Signal, ndiyo. Kwa Messenger, ndiyo, ila si kila mahali. Kwa Telegram, hapana, mpaka uwashe mwenyewe, na wengi hawajawahi. Lakini tathmini ikiishia hapo itakuwa imemdanganya msomaji, kwa sababu ujumbe mwingi unaovuja hauvujii njiani. Unavujia kwenye bekapu, kwenye kompyuta ya steshenari, mezani kwa fundi simu na kwenye laini iliyochukuliwa na mtu mwingine. Ndiyo maana programu hizi tumezipima kwa mambo mawili: kinachotokea ujumbe ukiwa njiani, na kinachotokea ukishafika.

WhatsApp

Aprili 2016 WhatsApp ilikamilisha usimbaji wa mwisho hadi mwisho kwa watumiaji wake wote, kwa kutumia itifaki ya Signal, yaani kanuni za usimbaji zilizotengenezwa na wenye programu ya Signal. Ujumbe unafungwa ndani ya simu ya mtumaji na kufunguliwa ndani ya simu ya mpokeaji. Ukituma bei kutoka Nansio, mnara unaona data inapita, seva za Meta, kampuni inayomiliki WhatsApp, zinaona namba yako na namba ya unayemtumia, na kilichoandikwa kinabaki herufi zisizosomeka. Ufunguo hubadilika kadiri mnavyoendelea kuandikiana, kwa hiyo mtu akiupata wa leo hafungui nao maongezi ya juzi. Simu za sauti na video, voisi noti, picha na stetasi vimo ndani ya kinga hiyohiyo. SMS ya kawaida haina kinga ya namna hiyo: husimbwa kati ya simu na mnara tu, na ikishafika kwenye mitambo ya mtandao wa simu inasomeka.

Itifaki yenyewe iko wazi na imechunguzwa na wataalamu wengi wa vyuo vikuu kwa miaka. Programu ya WhatsApp haiko wazi, kwa hiyo kuna kiasi cha imani unachoiwekea Meta kwamba imeifunga kama inavyosema. Kwa mfanyabiashara wa dagaa imani hiyo haimgharimu kitu. Kwa mwandishi wa habari anayeficha chanzo chake, tutalirudia suala hili tukifika kwenye Signal.

Yapo mambo ambayo usimbaji haukuahidi kuyaficha. Meta inajua unawasiliana na nani, saa ngapi, mara ngapi, kutoka anwani gani ya intaneti, na uko kwenye makundi gani. Hata jina la kundi na picha yake haviko ndani ya usimbaji. Ukiripoti mtu, jumbe tano za mwisho alizokutumia zinapelekwa kwa Meta zikiwa zinasomeka, na wakikuripoti wewe ni vivyo hivyo. Chaneli za WhatsApp hazijasimbwa mwisho hadi mwisho. Unachomwandikia Meta AI kinasomwa na mitambo ya Meta. Ukiandikiana na kampuni kubwa, kwa mfano benki au kampuni ya mabasi yenye majibu ya kujiendesha, tazama maelezo yanayotokea juu ya mazungumzo: baadhi ya biashara huhifadhi ujumbe kwenye seva za Meta au kwa kampuni nyingine wanayoilipa, na hapo wasomaji ni wengi kuliko unavyodhani. Mwaka 2021 mamlaka ya data ya Ireland iliipiga WhatsApp faini ya euro milioni 225 kwa kutowaeleza watumiaji waziwazi jinsi taarifa zao zinavyotumika. Kosa halikuwa usimbaji. Lilikuwa ni hayo yaliyo nje ya usimbaji.

Hadi hapo WhatsApp inafaulu vizuri. Twende kwenye miisho ya safari.

Bekapu ndiyo tundu kubwa kuliko yote. Ujumbe unaolindwa njiani unanakiliwa kwenye Google Drive au iCloud, na nakala hiyo haina kinga ya mwisho hadi mwisho mpaka uiwashe. Uwezo huo upo tangu Oktoba 2021 na watu wengi hawaujui. Ingia Mipangilio, kisha Mazungumzo, kisha bekapu ya mazungumzo, kisha bekapu iliyosimbwa mwisho hadi mwisho, halafu washa. Utaulizwa uchague nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64. Chagua nenosiri, kwa sababu karatasi yenye tarakimu 64 hupotea na ukiipiga picha umeharibu kazi. Ukisahau nenosiri huku WhatsApp bado inafunguka kwenye simu yako, unaweza kuweka jingine kwa alama ya kidole au PIN ya simu. Ukisahau na simu ikawa imeibiwa, bekapu imekwenda. WhatsApp hawawezi kukufungulia, na huo ndio uthibitisho kwamba kinga ni ya kweli. Weka bekapu ipande kwa Wi-Fi tu na uondoe video, la sivyo bando la wiki linaweza kuisha usiku mmoja. Na kumbuka upande wa pili: mnunuzi wako akiacha bekapu yake wazi, maneno yako yako wazi kwake pia. Mwombe awashe.

Picha nazo zina njia yao. Kwenye Android picha zinazoingia WhatsApp huonekana kwenye galari ya simu, na Google Photos ikiruhusiwa kuhifadhi folda hiyo, picha ya hati ya kiwanja inapanda kwenye akaunti ya Gmail iliyotengenezwa na kijana wa duka la simu siku uliponunua simu. Zima kuonekana kwa midia kwenye Mipangilio, sehemu ya Mazungumzo. Kisha fungua akaunti ya Gmail yako mwenyewe. Akaunti uliyotengenezewa dukani si yako kama nenosiri analo mwingine.

Kompyuta ya steshenari inakuja ya pili. Mtu ana PDF ya fomu ya mkopo, anaingia steshenari, anafungua WhatsApp Web kwenye kompyuta ya duka, anaskani, anaprinti, analipa, anaondoka. Kompyuta inabaki na akaunti yake wazi, pamoja na mazungumzo ya nyuma ambayo WhatsApp huyavuta mara tu kifaa kinapounganishwa. Simu yako haihitaji hata kuwa hewani ili kompyuta ile iendelee kupokea. Itajitoa yenyewe iwapo simu kuu haijatumika kwa siku 14, lakini simu unaitumia kila siku, kwa hiyo haitatoka. Ingia Mipangilio, kisha vifaa vilivyounganishwa: WhatsApp inaruhusu hadi vinne, na kila kimoja kinaonyesha kilitumika lini mara ya mwisho. Usichokitambua kiguse, kisha kitoe. Dawa ya kweli ni kutoiskani kabisa kompyuta ya watu: beba flashi yenye kichwa cha simu, au tuma faili kwa barua pepe ya duka. Ukituma kwa namba ya WhatsApp ya duka, faili linabaki kwenye simu na kompyuta yao. Kufuta kwa wote kunasaidia kwa nakala iliyo kwenye mazungumzo, si ile iliyoshushwa kwenye eneokazi. Kama hakuna budi kuskani, toka kwenye akaunti kabla ya kutoa hela.

Fundi simu na kibanda cha kuchajia ni jambo moja: simu iko kwa mtu mwingine. Kwenye mialo ya visiwani isiyo na umeme, simu inaachwa kwenye sola ya mtu kwa saa kadhaa. Izime kabisa kabla ya kuikabidhi. Si kwa sababu ya chaji peke yake. Simu za Android za miaka ya karibuni zikizimwa, data yako inabaki imesimbwa mpaka PIN iingizwe mara ya kwanza baada ya kuwashwa, na hilo ni gumu zaidi kulivunja kuliko simu iliyowaka na kufungwa skrini tu. Tumia PIN ya tarakimu sita. Patani huonekana kwa alama za mafuta ya kidole kwenye kioo, na ukiichora kwenye kivuko cha Kamanga nusu ya benchi wameiona. Zima pia maandishi ya ujumbe yasitokee kwenye skrini iliyofungwa. Kwa fundi, anayebadilisha kioo au mfumo wa chaji hahitaji PIN yako ili kumaliza kazi. Akitaka kupima tachi, iwashe wewe mbele yake. Samsung nyingi za karibuni zina hali ya matengenezo, ambayo huficha akaunti, picha na ujumbe wakati fundi akifanya kazi. Kwa Tecno, Infinix na itel, funga WhatsApp kwa alama ya kidole ndani ya programu yenyewe, na yale mazungumzo mawili matatu nyeti yaingize kwenye kufuli la mazungumzo lenye namba yake ya siri tofauti na ya simu.

Kuhusu GB WhatsApp, FM na ndugu zao, yaani matoleo ya WhatsApp yasiyo rasmi, hakuna haja ya maneno mengi: ziondoe. Haziko Play Store, zinarushwa kwa Xender au kupakuliwa kwenye tovuti zisizojulikana mwenyewe. Usimbaji hufanyika ndani ya programu, na programu ikiwa imetengenezwa na mtu usiyemjua, yeye yuko upande wa ndani ya mlango. Agosti 2021 watafiti wa Kaspersky walikuta toleo la FMWhatsApp limebeba kirusi kiitwacho Triada. Kuficha tiki za bluu hakustahili bei hiyo, na WhatsApp yenyewe inakuruhusu kuzificha.

Wadogo zake ni zile programu za kuona meseji zilizofutwa. Zinafanyaje kazi? Zinaomba ruhusa ya kusoma arifa zote za simu, kisha zinanakili kila ujumbe unaoingia kabla mtumaji hajaufuta. Yaani umesakinisha msomaji wa kudumu wa WhatsApp, Telegram, Signal na SMS za benki kwa wakati mmoja, kwa hiari yako. Pitia Mipangilio ya simu, tafuta ufikiaji wa arifa na sehemu ya ufikivu, uone ni programu zipi zimeruhusiwa. Za mikopo ya haraka zipekue kwa jicho lilelile. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na miongoni mwa malalamiko makubwa dhidi ya aina hiyo ya programu ni kuzoa majina ya watu kwenye simu ya mkopaji na kuwatumia ujumbe wa kumwaibisha.

Laini ndiyo jina lako

Akaunti za WhatsApp, Telegram na Signal zimefungwa kwenye namba ya simu. Mwenye kupokea SMS ya namba hiyo anaweza kufungua akaunti, na hapa usimbaji hauna la kusema, kwa kuwa mfumo unaamini yeye ndiye wewe.

Njia rahisi kwa mwizi ni kukupigia akijifanya huduma kwa wateja na kuomba tarakimu sita zilizoingia kwa SMS. Njia ya pili haijulikani sana: anakuambia upige msimbo unaoanza na *21* ukifuatiwa na namba fulani, eti kurekebisha mtandao. Huo unahamisha simu zako zote kwenda kwake. Kisha anaiomba WhatsApp itume msimbo kwa kupiga simu badala ya SMS, na simu inalia kwake. Piga *#21# kuangalia kama simu zako zinahamishwa, na ##002# kufuta uhamishaji wote. Njia ya tatu ni simu kuibiwa, laini ikachomolewa na kuwekwa kwenye kitochi, msimbo ukaingia hapo. Kinga yake ni PIN ya laini, inayowekwa kwenye mipangilio ya usalama ya simu: laini ikihamishiwa simu nyingine inaomba PIN kwanza, na ikikosewa mara tatu inadai PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga. Hakikisha unayo PUK kabla ya kuiwasha. Njia ya nne ni laini kusajiliwa upya na mtu mwingine. Mtandao ukipotea ghafla kwenye laini yako huku wenzako walio hapohapo wanao, usisubiri hadi kesho. Nenda duka la mtandao wako na kitambulisho. Kwa *106# utaona pia namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako.

Juu ya yote hayo, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye Mipangilio, Akaunti. Ni PIN ya tarakimu sita ambayo mwizi hataipata hata akishika SMS zako. Weka na barua pepe ya kuirejesha. Usipoiweka wewe, mwizi ataiweka yeye, na utaomboleza: ukijisajili tena kwa SMS yeye atatolewa palepale, lakini wewe utangoja siku 7 ndipo uingie bila PIN yake.

Mwizi akiingia WhatsApp hakuti mazungumzo yako ya zamani, kwani hayakai kwenye seva. Anachokuta ni jina lako, picha yako na makundi yako. Kinachofuata kila Mtanzania anakijua: ile hela tuma kwenye namba hii. Meseji hiyo ikitoka kwenye namba ngeni inachekwa. Ikitoka kwenye akaunti ya kaka, inalipwa. Namba za matapeli huripotiwa kwa kutuma ujumbe wao kwenda 15040.

Kuna kifaa kizuri cha kukamata utapeli huu, na hakitumiki. Kwenye Mipangilio, Akaunti, sehemu ya arifa za usalama, washa kuonyeshwa arifa. Kuanzia hapo, ufunguo wa mtu ukibadilika, mstari mdogo utatokea kwenye mazungumzo ukisema msimbo wake wa usalama umebadilika. Mara nyingi sababu ni ya kawaida: kanunua simu mpya, kasakinisha upya. Lakini mstari huo ukitokea leo na ombi la hela likafuata leo, piga simu ya kawaida kwanza, usikie sauti. Kwa watu wawili watatu mnaofanya biashara kubwa, hakikishaneni mkiwa pamoja: fungua mazungumzo, gusa jina, gusa usimbaji. Kuna msimbo wa QR na tarakimu 60. Mmoja anaskani simu ya mwenzake. Alama ya tiki ikitokea, hakuna aliyekaa kati yenu. Walio mbali wanaweza kusomeana tarakimu kwa simu ya kawaida. Ni dakika mbili, pale pale soko la samaki la Mwaloni, boti ikipakua.

Telegram

Mwanza Telegram ni muvi, mitihani ya zamani na mikeka ya mpira, na kwa hayo ni bora kuliko zote: makundi makubwa, faili nzito, utafutaji mzuri. Sifa yake ya usiri ndiyo tatizo. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram husimbwa kati ya simu na seva, na funguo wanazo Telegram. Makundi hayana usimbaji wa mwisho hadi mwisho kabisa, hata kama mko watatu. Kilichopo ni mazungumzo ya siri, ya watu wawili tu: fungua wasifu wa mtu, gusa vitone vitatu, anzisha mazungumzo ya siri, subiri alama ya kufuli kwenye jina. Yatabaki kwenye simu hizo mbili. Ukibadilisha simu hayahami, na kwenye Telegram ya kompyuta ya Windows hayaonekani. Usumbufu huo ndio unaofanya watu wayaache.

Mwanzilishi wake, Pavel Durov, alikamatwa Ufaransa Agosti 2024, na Septemba mwaka huohuo Telegram ilibadilisha masharti na kusema inaweza kuwapa mamlaka namba ya simu na anwani ya IP ya mtumiaji kwa ombi halali la kisheria. Kuna tofauti nyingine yenye madhara ya karibu zaidi: akaunti ya Telegram ikichukuliwa kwa laini, mwizi anakuta kila kitu, miaka yote, kwa sababu vyote viko kwenye seva. Kwa hiyo nenosiri la hatua mbili la Telegram ni la lazima. Kama bei zako za mabondo zinapangwa kwenye kundi la Telegram, zihamishe leo.

Messenger na Instagram

Desemba 2023 Meta ilianza kuwasha usimbaji wa mwisho hadi mwisho kwa chaguo-msingi kwenye Messenger, kwa mazungumzo ya mtu na mtu. Utaombwa PIN ya kuhifadhi historia. Usiipuuze: bila hiyo, ukibadilisha simu, historia ya zamani haisomeki. Ila mazungumzo na kurasa za biashara hayamo, na biashara nyingi za mjini hapa zinauza kupitia kurasa. Ukimtumia muuza viatu picha ya kitambulisho chako kwenye ukurasa wake, hujaituma kwenye mazungumzo yaliyosimbwa, na kila msimamizi wa ukurasa huo anaiona. Ujumbe wa Instagram na TikTok uchukulie kama kadi ya posta.

Signal

Kwa usiri peke yake, Signal ndiyo ya kwanza, na hakuna wa kukaribia. Msimbo wa programu uko wazi, inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa mwaka 2018 kwa dola milioni 50 za Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilipodai taarifa za mtumiaji, walichokuwa nacho ni tarehe ya kufunguliwa akaunti na siku ya mwisho kuunganishwa. Haikusanyi orodha ya watu wako wala makundi yako. Tangu Februari 2024 unaweza kutumia jina la mtumiaji bila kumpa mtu namba, ingawa kujisajili bado kunadai namba. Mwandishi, wakili na daktari wahamie huku.

Upungufu wake ni kwamba wateja hawapo. Jiunge leo utakuta majina machache kwenye orodha yako, na mvuvi wa Ukara si mmoja wao. Pia baadhi ya bando za mitandao ya kijamii huhesabu WhatsApp, Facebook na Instagram peke yake, hivyo simu ya video ya Signal inakula bando la kawaida.

Na Signal haimkingi mtu na mkono wake mwenyewe. Machi 2025 maofisa wakuu wa Marekani waliokuwa wakijadili mashambulizi ya Yemen kwenye kundi la Signal walimwingiza mhariri wa jarida la The Atlantic bila kujua. Usimbaji ulifanya kazi yake kikamilifu na kumfikishia kila neno. Februari mwaka huohuo watafiti wa Google walieleza jinsi wadukuzi wenye uhusiano na Urusi walivyowapa watu misimbo ya QR ya uongo ili waunganishe Signal zao na vifaa vya wadukuzi hao. Ni mlango uleule wa kompyuta ya steshenari, safari hii umefunguliwa kwa makusudi. Kundi la wafanyabiashara lenye watu 300 halina siri kwenye programu yoyote ile. WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024 kwenye kundi, na tangu Aprili 2025 ina mpangilio wa faragha ya juu unaozuia mazungumzo kuhamishwa nje kwa mkupuo, lakini haizuii mtu kupiga picha ya skrini.

Yanayobaki nje ya uwezo wa programu

Mwaka 2019 watu wapatao 1,400 duniani walishambuliwa kwa programu ya kijasusi Pegasus kupitia simu ya WhatsApp, wengine bila hata kuipokea. Usimbaji haukuvunjwa, simu yenyewe ndiyo iliingiliwa, na aliye ndani ya simu anasoma unachosoma. Kwa mtu wa kawaida kinga ni kusasisha programu na Android kila inapotoka. Simu isiyopokea tena masasisho ya usalama, hata iwe nzuri kwa kamera, si ya kuwekea siri.

VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine, haiongezi usiri wa maneno yaliyokwisha kusimbwa, na VPN ya bure inampa mtu mwingine kuona unakwenda wapi. Tangu Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) inataka matumizi ya VPN yasajiliwe. Intaneti ilipozimika nchini kuanzia Oktoba 29, 2025, usimbaji ulibaki imara na haukumfaa mtu.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa polisi njia ya kupekua na kukamata vifaa na data, na simu iliyofunguliwa haina usimbaji tena. Ndipo ujumbe unaojifuta unapokuwa na maana: WhatsApp inatoa saa 24, siku 7 au siku 90, Signal inakuachia upange muda wako. Kwa siri za wateja na majibu ya vipimo, siku 7 zinatosha.

Kwa biashara usiwashe ujumbe unaojifuta kwa pupa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi, na meseji ya mnunuzi inayosema amepokea mzigo na atalipa Ijumaa ndiyo risiti pekee uliyo nayo. Mazungumzo ya bei yawekee siku 7. Ya madeni yaache yakae, kwenye uzi tofauti na mtu huyohuyo: Signal kwa bei, WhatsApp kwa mzigo na hela, bekapu ya WhatsApp ikiwa na nenosiri. Na kabla hujauza simu ya zamani Makoroboi, hakikisha bekapu imepanda na inafunguka kwenye simu mpya, kisha ndipo uifute ile ya zamani na kuirejesha kama ilivyotoka kiwandani.